Makumbi ya Shangazi

Mama yangu anafua nguo za watu katika ua wa nyumba tunayopanga Mji Mkongwe. Maji yake ya povu yalikuwa yakipita chini ya mlango wa nyuma, yakitambaa uchochoroni, na wanaume wanaokwenda msikitini wakipita hapo wamekunja kanzu mpaka magotini. Wakamlalamikia mwenye nyumba, bibi mzee anayekaa chumba cha chini. Naye akamwita mama.

"Mwanangu, mie sina ugomvi na wewe. Lakini maji yakitoka tena nje, kufua basi."

Kwetu sisi kufua ndiyo sahani ya mchana. Mimi, niliyeacha skuli kidato cha pili lakini ndoto sikuziacha huko, nikadakia: "Hayatatoka, Bi. Ntayachuja, nimwagilie mjasmini wako."

"Mjasmini wangu?" Alinitazama kama nimemwambia namchinja paka wake. Ndio mti pekee uani, na maua yake ndiyo anayofungia vikuba, vile vishada vya kuvaa kifuani, kwa harusi za jamaa. "Haya. Mti ukifa, mtanieleza."

Kuchuja nilikuona kwa mafundi waliokuja skuli kwetu kutengeneza vyoo: makumbi ya nazi juu, mchanga katikati, kokoto chini. Nikapata pipa, nikalitoboa, nikatoa mpira wa maji mpaka shinani mwa mjasmini. Mama akaacha jiki, akarudi kwenye sabuni ya kipande. Makumbi nikamwagizia shangazi yangu wa Uroa, msokota kamba. Akaleta gunia zima la makumbi laini, safi, yanayochambuka yenyewe. Nikajiona injinia.

Uchochoro ukakauka. Kanzu zikashuka. Nikaanza kuota kila mlango wa mtaa wetu una ua lake linalokunywa maji ya kufulia. Wiki mbili tu, majani ya mjasmini yakaungua kingo, kama yamepigwa pasi, kisha yakaanza kudondoka.

Bi hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Aliinama akiokota jani moja moja, akiliweka kwenye upindo wa kanga yake.

"Sabuni yenu hiyo," alimwambia mama. "Ijumaa iwe mwisho."

Nikampigia simu shangazi, nikamlilia. Akauliza, "Makumbi uliyaosha?"

"Si yalikuwa safi?"

Akacheka mpaka akapaliwa. "Safi kwa kamba, we! Yamelala pwani, nimeyafukia miezi, yamekunywa bahari nzima. Kwani unapanda mjasmini au mkoko?"

Nikacheka na machozi yangu. Siku ile ile nikalimwaga pipa. Mchanga na kokoto nikaviosha mpaka vidole vikajikunja. Nikenda sokoni Darajani kwa muuza madafu. "Chukua yote, dada, unanipunguzia taka," akasema. Makumbi yake mabichi nikayaponda kwa mchi, nikayaloweka, nikayasuuza. Shina la mjasmini nikalimiminia maji ya mfereji, yale safi ya bombani, ndoo baada ya ndoo, polepole, nikiiteremsha chumvi.

Ijumaa Bi akatoka. Nikamwambia kosa ni langu, si la sabuni ya mama. Nikakwaruza kitawi kwa ukucha. Chini ya ganda palikuwa kijani.

"Haujafa, Bi. Nipe mwezi."

Akakipapasa kitawi kwa kidole. "Mwezi mmoja. Na mamako afue, lakini nguo nyepesi."

Kila asubuhi nilikuwa wa kwanza uani. Siku nyingi sikuona kitu, nikamwagilia vivyo hivyo. Kisha pakatokea vichwa vitatu vya majani, vidogo kama punje za mchele. Nikamwita Bi kwa sauti iliyoamsha ghorofa nzima.

Alikuja na birika na beseni lake, ametoka kutawadha. Akaviangalia vile vichwa. Akaenda kwenye pipa langu, akamimina juu ya makumbi maji ya udhu aliyokuwa ameyakinga kwenye beseni.

"Na haya yapitishe," akasema. Kisha akageuka kwa mama. "Nna shuka zangu mbili nzito. Utazifua leo?"