Fundi Cherehani na Mwili wa Gitaa

Mama Pindo hakuwahi kulipenda gitaa la mumewe. Miaka kumi na tisa lilining'inia kwenye msumari juu ya cherehani yake, na kila alipokanyaga pedali kwa nguvu lilinguruma kama mtu anayelalamika usingizini. Alilifuta vumbi kila Jumamosi, lakini hata stuli alizifuta. Kazi yake ilikuwa kushona sare za shule, na lile jina alilipata kwa sababu hakuna pindo lake lililowahi kufumuka.

Siku ya nne baada ya kumzika mumewe, alikuja Kiongozi, mkuu wa bendi ambayo marehemu aliipigia. Alilia kuliko wafiwa, akala, akashiba, kisha akaliangua gitaa msumarini.

"Shemeji, hili ni langu. Nilimwazima tu ndugu yangu."

Akaenda zake, Mama Pindo akabaki mlangoni na sahani ya mgeni mkononi. Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Kilichomchoma si gitaa, ni lile neno "nilimwazima". Mumewe alipaka rangi nyumba za watu msimu mzima ili alinunue, na leo, udongo haujakauka, amegeuzwa mtu wa vitu vya kuazima. Aliapa kwamba neno hilo litarudi kooni lilikotoka.

Alipeleka malalamiko kwenye chama cha wanamuziki. Chama kilikuwa na utaratibu wake: chombo kinachogombewa huwekwa mezani ndani ya mfuko, na kila anayekidai hukieleza kabla hakijafunguliwa. Asiyekijua si chake. Mama Pindo alitangulia.

"Ni la kahawia," alisema. "Lina nyuzi."

"Mwenyekiti, hebu muulize ngapi," Kiongozi akadakia.

Mama Pindo akafikiri. "Tano."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, maana gitaa lina nyuzi sita. Kiongozi alicheka hadi akafuta machozi, yaleyale aliyoyamwaga msibani. Mwenyekiti, mtu mwenye haya, aliahirisha kwa mwezi mmoja, na kwa kuwa bendi ilikuwa na kazi, gitaa likarudi kwa Kiongozi.

"Hasira hasara," dada yake alimwambia. "Mwachie Mungu."

"Mungu nimemwachia mume wangu, dada. Huyu ni wa kwangu."

Kesho yake alikwenda kwa fundi wa magitaa, mzee mkavu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Unataka kujifunza kupiga, mama?"

"Sitaki kupiga. Nataka kulijua kama ninavyoijua suruali."

Fundi alimtazama, akalaza gitaa bovu mezani. Kichwa ni hiki. Hivi vya kusokota ubavuni mwa kichwa, sisi tunaviita masikio. Kila uzi una sikio lake, na ukilisokota, uzi unakaza. Hilo Mama Pindo alilielewa mara moja, maana hata uzi wa cherehani una kukazwa kwake. Kipande hiki cha mfupa ambapo nyuzi zinavuka kuingia shingoni ni kizingiti. Huku chini, daraja ndilo linalozishika. Alikosea mara nyingi, akaita daraja kizingiti, akakaripiwa kama mwanafunzi wa darasa la kwanza, na wala hakununa. Jioni alishona huku akiyarudia majina kwa sauti, na kila jina alilivalisha sura ya Kiongozi: sikio, nitalisokota, shingo, nitaikaba. Kwa mwezi ule alishona haraka kuliko mwaka mzima.

Siku moja fundi akamwambia, "Hayo yote yanafunguka kwa bisibisi. Mwenye hila atayabadilisha. Hebu tia mkono tunduni."

Aliutia. Ndani alipapasa vijiti vilivyopita chini ya ubao, mbavu zake hizo, na katikati yake kitambaa kilichogandishwa kwa gundi.

"Ubao ukipasuka, tunaubandika kitambaa kwa ndani," fundi alisema.

Mama Pindo akasimama wima. Kuna mwaka marehemu alimwomba kipande cha nguo nzito isiyovutika, naye akamkatia cha buluu kilichobaki kwenye mifuko ya sare, bila hata kuuliza cha nini, wala mstari wa rangi aliokuwa akiufuta vumbi mgongoni mwa gitaa tangu hapo ulitoka wapi. Alicheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na hakikuwa kicheko kizuri.

Kwenye kikao cha pili Kiongozi ndiye aliyeanza. Masikio yanang'aa dhahabu, alisema, nyuzi mpya, kizingiti cheupe. Mfuko ulipofunguliwa, ikawa hivyohivyo. Akakaa amekunja nne.

"Hivyo vyote kaviweka yeye juzi, sina ugomvi navyo," Mama Pindo alisema. "Mimi naeleza mwili. Mgongoni kuna ufa uliopakwa rangi. Kwa ndani umebandikwa kitambaa cha buluu, kingo zake nilizikata mwenyewe kwa mkasi wa meno, zimechongoka kama msumeno."

"Uongo! Gitaa langu halijawahi kupasuka!"

Mwenyekiti akalegeza nyuzi, akaingiza kioo kidogo tunduni, akamulika. Alichungulia kwa muda mrefu.

"Buluu," alisema. "Na meno yapo."

Safari hii hakuna aliyecheka. Kiongozi alisogea, sauti imelainika. "Shemeji, yamekwisha. Ila Jumamosi tuna harusi. Niachie mpaka Jumapili tu."

"Usiniite shemeji. Aliyekupa haki hiyo ulimwita mwazimaji."

Mama Pindo alitoa bisibisi mkobani. Alifungua sikio moja baada ya jingine, akiyataja, akimwekea mikononi. "Chako hiki. Na hiki chako." Nyuzi zikafuata, kisha kizingiti. Mikono ilipojaa, Kiongozi alikunja shati akavipokea humo kama anayeokota maharage, wanamuziki wenzake wote wakitazama. Raha aliyoisikia Mama Pindo hakuificha.

"Sasa masikio ya mume wangu yako wapi?"

Kiongozi aliinamisha kichwa. "Niliyatupa. Jalalani, nyuma ya ukumbi wa mazoezi."

Raha ikamkatika palepale. Yale masikio yalikuwa yamelika kwa kidole gumba cha marehemu, miaka kumi na tisa, kila jioni. Katika nyumba nzima hakukuwa na kitu kingine kilichobeba alama ya mkono wake.

"Chombo kinarudi kamili," mwenyekiti alisema, "la sivyo jina lako linafutwa kwenye chama."

Asubuhi iliyofuata Kiongozi alipiga magoti jalalani, mikono imezama katika taka mpaka kwenye viwiko. Mama Pindo alikuwa amekuja na stuli yake ya kushonea, akakaa mbele yake. Kufikia adhuhuri Kiongozi alikuwa amepata manne kati ya sita. Aliyafuta kwa shati lake, akamnyooshea, akamtazama usoni kama anayeomba yatoshe.

Mama Pindo aliyapokea, akaweka kidole gumba chake pale palipolika.

"Endelea kutafuta," alimwambia.