Biblia Tatu na Kaburi la Guku

Nikifungua Biblia yoyote, hata hii mpya ya binti yangu, pua yangu husubiri harufu ya dawa ya kuulia wadudu wa pamba. Nyumbani kwetu, pembeni ya Bariadi, Baba aliweka Biblia yake kwenye rafu moja na chupa za dawa hiyo, na kila tulipokaa kusali Mama alipiga chafya.

Siku ninayoikumbuka ni ile tuliyotakiwa kumzika Guku, yaani babu yetu mzaa baba, kule Mwandoya. Guku hakuwahi kubatizwa. Alikuwa na ng'ombe wake, mizimu yake, na kicheko cha kutikisa tumbo. Nikiwa bado nanyonya, alimtaka Baba, mtoto wake wa kwanza, ashike shughuli za kutambikia mababu. Baba alikuwa ameokoka. Akakataa mbele ya watu. Tangu hapo walinyamaziana. Sisi watoto tulipelekwa na Mama kumsalimia, Baba akibaki shambani.

Asubuhi hiyo mzee wa kanisa alikuja kutupa pole. Kabla hata ya kumaliza chai akamkumbusha Baba mstari ule ambao mtu anaomba ruhusa akamzike baba yake, na Yesu anamwambia awaache wafu wazike wafu wao.

"Msiba ule una matambiko, ndugu yangu. Angalia usije ukajichanganya."

Akaaga, akaenda zake. Loo, alituachia moto ndani ya nyumba!

Baba akafungua Biblia yake, akasoma, akafunga, akafungua tena. Akaenda kwa jirani yetu Mkatoliki kuazima ya kwake, akachukua na ya Kisukuma ya Mama, akazipanga zote mkekani kama mtu anayechagua mbegu. Wafu gani hao wanaoweza kuzika? Ya jirani ilikuwa na maelezo chini ya ukurasa, kwamba ni watu waliokufa kiroho.

"Kwa hiyo mdogo wangu Masanja, anayeandaa maziko kule, ni mfu?" Baba aliuliza.

Akaisoma ile ya Kisukuma kwa sauti, na kwa lugha ya nyumbani maneno yalimuuma zaidi, maana aliyarudia taratibu huku akifuta uso.

Mimi nilishindwa kutulia. Natoka nje, naingia, natoka. Nilimpenda Guku, na jua halikuwa linamsubiri mtu. Baba mdogo Masanja alipiga simu kila baada ya muda mfupi: kaburi liko tayari, mtoto wa kwanza ndiye anayeanza kutupa udongo, watu wote wanamngoja.

"Nakuja," Baba alijibu, kisha akarudi mkekani. Nilitamani kuzitupa zile Biblia kisimani, Mungu anisamehe.

Mchana Mama akajifunga kitenge.

"Baba Nyanzobe, wewe soma tu. Mimi na watoto tunakwenda kumzika mkwe wangu."

Baba akazifunga Biblia moja moja, akaanza kutafuta viatu.

Tulifika jua likielekea kuzama. Baba alipita katikati ya watu mpaka ukingoni mwa kaburi, akachota udongo, lakini hakuutupa. Akachuchumaa.

"Mwadila, Baba," akasema. Ndiyo salamu yetu ya jioni.

Akanyamaza kama anayengoja kuitikiwa. Baba mdogo Masanja akainamisha kichwa. Mzee mmoja akakohoa.

"Mwadila, Baba."

Niliona aibu, jamani! Kanisani tulifundishwa kwamba maiti hasemeshwi, na huyu alikuwa baba yangu mwenyewe, mbele ya ukoo mzima.

Mpaka nilipokuwa mtu mzima ndipo nikaelewa. Mstari ule nimeusoma katika kila tafsiri niliyoipata, na bado sina hakika wafu wale ni akina nani. Lakini kilichomshikilia Baba mkekani nakijua. Alikuwa anatafuta tafsiri ya kumkataza asiende, kwa sababu ilikuwa afadhali akatazwe na Mungu kuliko kufika kwa baba yake akiwa amechelewa kumsalimia. Pale ukingoni alisalimia mara ya tatu, akangoja, kisha akafungua mkono.