Indiketa Zangu na Gari la Magodoro

Kuna gari lilikuwa linanifuata.

Kila asubuhi nilipotoka na dada yangu kwenda hospitali, nikitupa jicho kwenye kioo cha pembeni, hilo hapo. Gari dogo la mizigo, jeupe, limerundikwa magodoro hadi juu kama linahama na ukoo mzima.

Nikipinda, linapinda. Nikisimama kununua maji, linasimama kule nyuma, linajifanya halinioni.

Mimi ni bibi wa watu. Sina dhahabu, sina siri ya mtu yeyote. Nani amfuate bibi kizee na magodoro?

Nikajijibu mwenyewe: ni mwanangu. Huyo kifungua mimba wangu. Ameniwekea mpelelezi.

Ngoja niwaambie kwa nini nilimshuku.

Dada yangu mkubwa alipatwa na kiharusi. Mguu na mkono wa upande mmoja vikalegea, na maneno yakampotea. Anachotaka kusema anakijua, ila ulimi hautii. Huko hospitali wanamfundisha upya kutembea, na wanamchezesha ulimi kama mtoto anayeanza kusema. Tumebaki wawili tu katika watoto wa mama yetu. Kwa hiyo nampeleka mimi, kwa gari aliloniachia marehemu mume wangu. Ni zee, lakini nalijua kama cherehani yangu.

Sasa wanangu wakaanza maneno. Mama amezeeka. Mama apumzike. Mama aache gari.

Jumamosi moja kifungua mimba akaja hajapiga hodi vizuri.

"Mama, jirani yako wa geti jeusi kanipigia simu. Jana nusura akugonge pale njia panda. Anasema ulipinda bila kuwasha indiketa."

"Mwongo huyo! Niliwasha. Nilisikia kwa masikio yangu haya: tik-tak, tik-tak."

"Mama, kwa umri wako…"

"Usinihesabie umri. Wakati unazaliwa mimi nilikuwepo, wewe ulikuwa unalia tu."

Akataka kucheka, akajizuia.

"Kesho nakuja kuchukua ufunguo. Mama mkubwa tutamtafutia dereva."

"Lini?"

"Tutaangalia."

Hiyo "tutaangalia" naijua mimi. Ndiyo iliyoacha bomba la jikoni likivuja mpaka nikalifunga mwenyewe kwa kipande cha mpira. Ufunguo ukienda, dada yangu atakaa kitandani akisubiri "tutaangalia", na ule mguu ulioanza kuchangamka utalala tena.

"Na huyo mpelelezi wako wa magodoro mwondoe," nikamwambia.

"Mpelelezi gani, mama? Nikulipie mtu akufuate ukinunua vitunguu?"

Akaondoka anatikisa kichwa. Nilimwona ameamini kabisa kwamba akili zangu zimeanza safari.

Kitu kimoja kikanijia. Jana yake, siku ya jirani, gari la magodoro halikuwepo. Nilikuwa hata nimefurahi, nikajisemea leo amepumzika, na mimi nipumue.

Nikaliweka hilo pembeni. Nikamsaidia dada kuingia kwenye gari, tukaenda moja kwa moja gereji.

Pale kuna fundi umeme wa magari, mwanamke, wanamwita Mama Cheche. Popote alipo lazima cheche ziruke, kama si za nyaya basi za mdomo.

"Washa indiketa, bibi. Halafu shuka uje utazame mwenyewe."

Hebu niambieni, tangu lini mtu akawasha indiketa halafu akashuka kwenda kuitazama? Miaka yote hiyo sijawahi.

Nikashuka. Jua limewaka hasa. Nikatazama taa ya nyuma. Kimya.

"Haijawaka," nikasema.

"Imewaka hiyo."

Akaikinga kwa kiganja. Nikainama. Kwa mbali kabisa mle ndani nikaona kitu chekundu kinafifia, kama kaa lililofunikwa na jivu.

"Bibi, hii ni taa au kumbukumbu ya taa?"

Kumbe jirani hakusema uongo. Na mimi sikusema uongo. Mle ndani niliisikia tik-tak, nikadhani na dunia inaiona.

"Tufanyeje, mwanangu?"

"Tuweke za LED. Mbele, nyuma, na hizi ndogo za ubavuni, ili hata anayetokea kando akuone. Jua liwake lisiwake, utaonekana."

Akafungua vifuniko. Weee! Mle ndani kulikuwa na maji, kutu, na buibui aliyejenga na kuzaa. Mama Cheche akamhamisha buibui kwa karatasi, taratibu, akamweka ukutani. "Nenda salama, mpangaji," akamwambia. Nikampenda yule mwanamke papo hapo.

Akasugua kutu kwa msasa, akaosha vioo vya taa mpaka rangi yao ya machungwa ikarudi. Akachomeka taa mpya moja baada ya nyingine. Moja ya ubavuni ikagoma.

"Mbovu?"

"Wala. Hizi ukizichomeka kinyume zinanuna." Akaichomoa, akaigeuza, ikawaka. "Umeona? Alikuwa anataka tu kubembelezwa."

Halafu akawasha indiketa ya kushoto. Tiktiktiktiktik! Haraka haraka, kama mtu anayekimbia mvua. Mimi nikapiga makofi.

"Gari limefufuka!"

"Hapana bibi, limepaniki. Kuna kidude hapa kinaitwa flasha, ndicho kinachoiwasha na kuizima. Hiki cha zamani kimezoea balbu zinazokula umeme sana. LED inakula kidogo, kama mgeni mwenye haya. Kwa hiyo kinadhani balbu imeungua, ndiyo maana kinapiga kelele."

Akaichomoa ile flasha, akaweka nyingine ya kisasa. Akawasha.

Nikasogea nyuma ya gari, kwenye jua lile lile. Mwenzangu, sikuhitaji kuinama! Taa inapiga, inatulia, inapiga, inatulia. Hata mpita njia aligeuka.

Nikaingia ndani kujaribu mwenyewe. Nikawasha. Kimya.

"Mbona halisemi?"

"Hii haina sauti, bibi. Tazama mshale hapo mbele yako, unawaka."

"Nimezoea kusikia."

"Utazoea kutazama."

Nilijiona kama mtu aliyepewa nyumba mpya halafu akaambiwa saa ya ukutani imebaki kule kule.

Dada yangu alikuwa kwenye kiti chake muda wote ule, ameshika balbu moja ya zamani kwenye mkono wake mzima. Akautazama mshale. Midomo ikaanza kuhangaika.

"Ti…"

Nikageuka.

"Tik," akasema. Mshale ukazima. "Tak."

Huko mazoezini walikuwa wamemsihi kwa kila njia aitoe hiyo "k". Hakuweza. Leo anaitoa kwa kufuata taa!

"Tik. Tak. Tik. Tak."

Mama Cheche akaweka bisibisi chini, akatazama pembeni, akasingizia vumbi.

Jumapili wakaja. Kifungua mimba na kitinda mimba wangu, binti. Nikawaambia nendeni mkasimame njia panda, pale pale niliponusurika kugongwa. Nikipita msiponiona, ufunguo chukueni.

Nikatoka na dada. Polepole, mikono yote miwili kwenye usukani. Kabla ya njia panda nikatazama kioo.

Magodoro!

Jumapili jamani! Hata wapelelezi hawapumziki?

Nikawasha indiketa. Dada akashika kazi yake, tik, tak. Nikapinda vizuri, nikaegesha mbele ya wanangu, nikashuka na mwavuli. Leo ni leo.

"Shuka!" nikaligonga lile gari kwenye bodi. "Shuka nikuone!"

Mlango ukafunguka. Akashuka mwanamume mrefu, macho chini, kofia mkononi.

Mkwe wangu. Mume wa binti yangu, yule aliyesimama pale.

"Shikamoo, mama."

Mwavuli ukateremka wenyewe. Huyu ni mkwe ambaye tangu aoe kwa heshima, hajawahi kunitazama usoni. Akija kwangu anakaa ukingoni mwa kiti kama kuku wa ugenini. Niliambiwa amepata kazi ya udereva. Wa magodoro sikuambiwa.

"Marahaba, baba. Nani kakutuma unifuate?"

"Hakuna, mama."

"Sasa?"

Akaizungusha kofia mkononi.

"Siku moja nilikuwa nyuma yako kwa bahati tu. Nikaona umepinda, taa haikuonekana. Dereva wa nyuma yangu naye hakujua. Na njia yangu ya kwenda stoo inapitia hospitali. Ndiyo nikawa nakaa nyuma yako. Ukianza kupunguza mwendo, nawasha indiketa yangu. Wakiniona mimi, watakuwa wamekuona na wewe."

Nikaegemea mwavuli.

"Ijumaa bosi alinituma mbali," akaendelea, sauti imeshuka. "Nikasikia jioni kuhusu jirani. Sikulala, mama. Ndiyo maana hata leo Jumapili nimekuja."

Binti yangu akamrukia. "Kwa nini hukuniambia mimi mkeo?"

"Ningekuambia, ungemwambia kaka. Kaka angechukua ufunguo. Mama mkubwa angeenda na nani?"

"Na mimi mwenyewe je?" nikauliza. "Ungeniambia tu, mama, taa zako zimekufa."

Akashtuka kama nimemwambia anivue viatu anipige navyo.

"Mimi mkwe, mama? Nikuambie hujui kuendesha? Nitaanzia wapi?"

Kifungua mimba wangu akasogea. Akanyoosha mkono.

"Mama, nipe ufunguo."

Kumbe hawakuniona? Nikampa. Neno ni neno.

Akaingia kwenye gari, akawasha indiketa, akashuka kama nilivyoshushwa mimi na Mama Cheche. Akazunguka gari zima. Mbele, ubavuni, nyuma. Akasimama pale nyuma, uso ukimwakia na kuzima kwa ile rangi ya machungwa.

"Ufunguo nimekuja kuuchukua," akasema taratibu. "Taa sijawahi kuja kuziangalia hata siku moja."

Akanirudishia mkononi, akakifumba kiganja changu kwa mikono yake miwili. Halafu akamwendea shemeji yake, akamkumbatia pale pale barabarani, magodoro yakishuhudia.

"Na bomba la jikoni," nikasema, "tutaangalia?"

"Naenda sasa hivi, mama."

Na alienda kweli.

Siku hizi nikitazama kioo asubuhi, nyuma yangu hakuna magodoro. Mara moja moja tunapishana, ananiwashia taa, namjibu kwa zangu. Macho kwa macho bado hatujafika, lakini indiketa kwa indiketa tunaongea sana.

Wajukuu zangu mnaosoma hapa, chukueni haya mawili. Kuisikia tik-tak mle ndani ulimo si sawa na wa nje kuiona taa, kwa hiyo siku moja moja shuka ujitazame ulivyo. Na mtu akikufuata kimyakimya, kabla hujainua mwavuli, tazama kwanza indiketa yake. Huenda anawasha kwa ajili yako.

Naishia hapa, dada yangu ameshakaa kwenye gari. Naisikia kazi inaanza.

"Tik. Tak." Halafu leo, kwa mara ya kwanza, neno zima:

"Twende."