Mzamiaji wa Bi Mwatum

Mama mkwe wangu, Bi Mwatum, analima mwani hapa Msuka, Pemba, tangu mume wangu hajazaliwa, na hajui kuogelea. Wengi wa rika lake hawajui. Maji yakipwa wanaingia mpaka magotini, yakianza kujaa wanatoka. Kilindini wanakwenda wanaume.

Lakini miaka hii maji ya karibu yamekuwa ya moto. Mwani unageuka mweupe, unakatika kabla haujakomaa. Kikundi chao kikakubaliana kamba zihamishwe maji marefu, zielee kwa maboya, na watu wazifuate kwa mashua. Asiyeweza kuingia huko amwachie mwengine sehemu yake. Wenziwe wakajifunza. Yeye alikwenda siku moja, akaingia mpaka kifuani, akatoka. Utotoni aliambiwa na mamake kuwa chini kule hakuna kitu ila kiza, na hajawahi kuona cha kumfanya asiamini.

"Basi nitakaa nyumbani nimlee mwanao Yumna," aliniambia. Niliitazama mikono yake. Mikono ile haijui kukaa.

Gemu aliiweka shemeji yangu Zubeir kwenye simu yangu, ya kumtulizia mtoto. Ni mtu mmoja mwenye mapezi miguuni, anazama baharini. Hakuna adui, hakuna kushinda wala kufa. Unaweka kidole, anakwenda. Samaki wanakuja kumzunguka na muziki unapiga polepole. Alasiri moja Bi Mwatum alirudi kutoka kwenye mwani wake mchache uliobakia, akajinyoosha mkekani na mgongo wake unaouma, akachungulia.

"Ntu huyo anakwenda wapi?"

"Popote umtakapo, mama."

Akaichukua simu. Akasema bismillahi, akamshusha.

Ikawa ndiyo pumziko lake. Akishakoga na kuswali, ananyoosha miguu, anapokea simu. Mimi huku namenya muhogo, namsikia. Kila baada ya muda anampandisha yule mtu mpaka juu ya maji. "Haya, vuta pumzi mwanangu." Nilimwambia si lazima, wa kwenye simu hachoki. Akanitazama kama niliyesema mtoto asinyonyeshwe.

Shoga yake Kazija alipita, akasimama mlangoni. "Mwatum, maji ya kweli yamekushinda, umehamia ya chaji?"

"Niwache nioge," akajibu bila kuinua macho. "Haya hayawashi."

Nikaona anakwenda chini zaidi. Mwanzo alikuwa akizungukazunguka kwenye matumbawe ya juu, palipo na jua. Siku hadi siku akafika pale rangi inapokuwa ya buluu tupu, na bado akashuka. Halafu akapita nyangumi. Alipita juu ya yule mtu taratibu, kivuli chake kikajaa kioo kizima. Bi Mwatum alijiziba mdomo kwa mkono. Yumna, aliyekuwa pajani pake, naye akajiziba.

"Subhanallah," alinong'ona. "Miaka yote mimi nanawa miguu mlangoni mwa bahari tu."

"Picha hizo, mama."

"Aliyezichora ameona kitu. Ntu hachori kiza."

Akaendelea kumshusha mpaka jioni. Kisha akaniuliza kama nitamsindikiza kwenye mashua.

Kesho yake nilimwacha Yumna kwa jirani, tukaenda. Kazija alikuwamo, hakufanya mzaha. Yeye ndiye aliyemfunga jaketi la kuelea na kumvisha miwani ya kuzamia. Bi Mwatum akashuka. Mkono mmoja ameshika kamba ya boya, wa pili ameshika wangu mimi niliyebaki mashuani, na nilidhani mifupa yangu itavunjika. Akasema bismillahi, akalaza uso majini.

Mkono ukaanza kulegea, kidogo kidogo. Nikainama nione anachokiona. Chini yake mwani ulikuwa unaning'inia kama mapazia, jua limeupenya, na samaki wadogo wanapita kati yake makundi kwa makundi, wala hawamwogopi. Chini zaidi kulikuwa na buluu isiyo na mwisho. Nimezaliwa hatua chache kutoka hapa, na sikujua.

Mkono wake ukaniachia. Gauni lake lilitanda juu ya maji, hakutikisika. Kazija akanitazama. Mimi nikainama zaidi, midomo karibu na maji.

"Mama," nikamwambia, "njoo uvute pumzi."

Akainua uso, akavuta. Kisha akaurudisha uso majini.