Kipande cha Nne

Kila asubuhi mzee mmoja, fundi wa matrekta, huketi kiti kilekile cha kaunta, karibu na tanuri, kwenye mkahawa wa mikate unaojaza watu kuliko yote katika mji wa Hilo. Kehau, mhudumu wa hapo, humletea mayai, wali na mkate mtamu kabla hajaagiza. Mzee huumega mkate vipande vinne kwa vidole vinene vyenye weusi wa grisi usiotoka, akachovya kimoja kimoja kwenye kiini cha yai, akala vitatu. Cha nne hukisogeza ukingoni mwa sahani, akakitazama kwa uchu, akaondoka. Miaka sita Kehau anakitupa tu, na haelewi. Leo yakamfika shingoni.

“Mjomba, hicho unamwachia nani hasa?”

Mzee akaduwaa kama aliyeulizwa jina lake. “Sijui. Kwetu tulikuwa tisa mezani. Cha mwisho huchukui, unawaachia wenzio.” Akatazama kulia, akatazama kushoto, nyuso zote ngeni. Akamsukumia sahani. “Basi chukua wewe.”

Kehau akanyoosha mkono, kisha akaurudisha. Naye ndivyo alivyolelewa.

“Aa, mjomba, chukua wewe.”

“Chukua wewe, bwana!”

Mkate ukabaki katikati yao, wote wawili wakiukodolea macho, na foleni ya mlangoni ikisubiri kiti.