Siku Niliyobaki na Gari

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, amenunua gari. Si gari la kubebea watu wala la kubebea muhogo. Ni gari la mbio, la milango miwili, jekundu, la mkono wa pili kama si wa nne, na chini yake kuku hapiti mpaka ainame. Amenitumia picha kwenye simu, kasimama pembeni kaliegemea kana kwamba wamezaliwa pamoja. Chini yake kaandika: "Mjomba, wewe ndiye mtaalamu wetu. Nishauri."

Mtaalamu! Mimi ni mtaalamu wa magari ya aina hiyo kwa namna ambayo aliyeungua ni mtaalamu wa moto. Nilikuwa nalo moja, kwetu Palma, mji mdogo wa pwani, miaka ile gesi ilipogunduliwa baharini kwetu na kila mtu akaanza kutembea kama anayesubiriwa mahali.

Kazi yangu ilikuwa jikoni, kambini Afungi. Nilimenya viazi na kukata vitunguu vya wafanyakazi wa mkataba. Lakini nikirudi Palma mapumzikoni, kofia ngumu kichwani na kitambulisho shingoni, ungedhani nilizamia mwenyewe nikaiona gesi kwa macho yangu. Watu waliniita chefe, yaani bosi. Sikuwasahihisha. Kofia yenyewe hatukuihitaji jikoni; niliiomba kwa fundi mmoja aliyekuwa anarudi kwao.

Gari nililiona Pemba, mji mkubwa wa kusini yetu, si kile kisiwa, rangi ya manjano, na bawa nyuma. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hili halikuweza hata kujitembeza. Muuzaji aliliwasha, likanguruma, nami nikafanya ukaguzi wote nilioujua: nilipiga tairi teke mara mbili, nikafungua boneti, nikatikisa kichwa kama daktari, nikafunga boneti. Sikuuliza lilitoka wapi, wala kwa nini kiti cha dereva kilikuwa kimefungwa kwa waya. Nilipenda sauti.

Basi huo ndio ushauri wa kwanza, mpwa wangu: kabla hujafungua boneti, tazama barabara ya kwenu. Siku zile lami ilikuwa inaishia mbali kusini, Mocímboa. Kutoka hapo mpaka Palma ilikuwa mchanga wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, na mimi nilikuwa nimenunua kitu ambacho tumbo lake lilikwaruza hata ganda la nazi. Ikabidi lipandishwe juu ya lori la saruji. Na mimi, badala ya kukaa mbele na dereva wa lori kama mtu mwenye akili, nilikaa ndani ya gari langu kule juu, mikono kwenye usukani. Tulipopita kijiji cha Mute watu waliokuwa wanatoka mashamba walisimama kutazama. Niliwapungia. Kwenye kona nilikata usukani.

Palma nilikuwa na njia moja tu ya kuendesha, ile ya udongo mgumu karibu na soko, na niliipita mara nyingi kiasi kwamba wauza samaki waliacha kunisogezea beseni zao, wakaniacha nizunguke. Petroli ilikuwa ya chupa, na ushauri mwingine ni huu: ya chupa ichuje kwa kitambaa. Mimi niliichuja kwa kanga ya mama yangu, ile nzuri, na mpaka leo sina hakika kama alinisamehe.

Halafu harusi zitakujia, maana gari zuri halina mwenyewe siku ya harusi. Jirani aliliomba limbebe binti yake. Nilikubali haraka, nikalifunga na maua ya plastiki. Tulipofika mlangoni nikakumbuka jambo ambalo kila mtu wa pwani analijua kabla hajaota meno: bibi harusi haendi popote bila kungwi wake. Na kungwi yule alikuwa mwanamke wa kimo na upana wa heshima zote mbili. Kiti cha nyuma cha gari la mbio, mpwa wangu, hakikutengenezwa kwa ajili ya binadamu. Tulijaribu ubavu, tukajaribu kwa mgongo, wanawake wakitupigia vigelegele vya kututia moyo. Mwisho kungwi alikaa mbele kwa raha zake, na bibi harusi akakunjwa nyuma kama mzigo wa nguo za mtumba. Bwana harusi alipofungua mlango kumpokea mkewe, alimkuta kungwi.

Mama alicheka jambo lile mwezi mzima. Hakulichukia gari langu. Alikuwa hajui tu ni la nini. Bawa la nyuma aliliita kibaraza, akaanikia uduvi. Nilimwomba aache, nikamweleza kwamba bawa linasaidia gari lisipae likiwa kasi. Akalitazama gari, akaitazama njia yetu, akaendelea kuanika.

Sasa nikueleze siku yenyewe, maana hayo mengine ni ya kuchekesha baraza.

Mama aliolewa kijiji kimoja cha rasi ya Afungi, ndani ya eneo ambalo baadaye lilizungushiwa uzio. Huko ndiko alikomzaa mtoto wake wa kwanza, kaka yangu, aliyeishi siku arobaini na kidogo. Mimi nilikuwa sijazaliwa, wala mama yako. Kaburi la kitoto kichanga halikuwekewa jiwe wala alama. Baba alikuwa amekwisha kufa, na wanawake waliomwosha mtoto yule walikuwa wamekwisha kufa wote. Aliyebaki akijua ni mama peke yake, na alikuwa akilijua kwa miguu: unasimama kwenye kaburi la mama mkwe wake, unaelekea kibla, unapiga hatua nne za mwanamke.

Ikaja habari kwamba kijiji kitahamishwa kupisha mradi wa gesi, na makaburi nayo yatahamishwa. Walikuwa wanaandika kila kitu: nyumba, minazi, mikorosho, na wafu. Kila familia ilitakiwa ije ionyeshe watu wake. Kaburi lisilo na wa kulionyesha halitaandikwa, na lisiloandikwa litabaki palepale, chini ya chochote kitakachojengwa. Siku ya mwisho ya kuandika ilikuwa Alhamisi.

Wanakijiji walileta trekta Palma kuwachukua wazee asubuhi hiyo. Likasimama mlangoni kwetu, trela limejaa bibi na mikeka na mbuzi wawili wa sadaka. Mama alikuwa tayari, kashika mwavuli. Nikatoka mimi, mtaalamu wenu, nikasema kwa sauti ya kusikika mtaa mzima:

"Mama hapandi trela na mbuzi. Ana mtoto mwenye gari."

Dereva wa trekta aliangalia gari, akamwangalia mama. "Mama, huko ni mchanga mtupu," akasema.

"Mchanga naujua," nikajibu mimi, ambaye sikuulizwa.

Trekta likaenda. Nilimfungulia mama mlango. Alikitazama kiti kile kilivyo chini, akaniuliza, "Mwanangu, humu mtu anakaa au anazikwa?" Nilimshusha kwa mikono miwili. Akawa anaona matundu ya hewa ya dashibodi na kipande cha mbingu, basi. Njia nzima alishika mwavuli wake katikati ya magoti na kusoma dua kimoyomoyo. Nilidhani anamwombea mtoto wake. Sasa nadhani alikuwa anatuombea sisi.

Tulikwenda vizuri mpaka tulipoiacha njia kuu. Kisha mchanga ukatushika. Mtoto yeyote wa kwetu anajua: mchanga ukikushika, hukanyagi mafuta. Unashuka, unapunguza upepo kwenye matairi, unakata makuti, unayalaza chini ya magurudumu, unatoka polepole. Mimi nilikanyaga. Nilikanyaga kwa sababu lilinguruma vizuri, na kulikuwa na watu wawili shambani wananiangalia. Gari likajichimbia lenyewe. Nilipoacha lilikuwa limelalia tumbo, magurudumu ya nyuma yakielea ndani ya mashimo yake, na mama alikuwa anatazama mchanga kupitia dirishani, kwenye usawa wa macho.

Nilimtoa. Nilichimba kwa sahani ya chakula alichofunga. Nilikata makuti, yakapita chini ya tairi yakarushwa nyuma yakaniangukia. Jua likapanda.

Ndipo alipopita muuza samaki na pikipiki yake, kikapu tupu nyuma, anarudi pwani kuchukua samaki. Akasimama akalizunguka gari.

"Mano, ndugu yangu, pneu hizi za lami," akasema akigusa tairi langu jembamba. "Hata upepo wa kutoa hazina. Mnakwenda wapi?"

Mama akamweleza. Yule kijana alishuka. Alikifungua kikapu, akakitupa kwenye majani, akafuta kiti kwa fulana yake. "Mama, panda. Na wewe, mano, panda nyuma ya mama. Nabeba watatu kila siku."

Mama alipanda kama msichana, kanga kaikusanya mkononi. Akageuka kwangu. "Njoo."

Nataka nikwambie kwamba nilifikiri sana, lakini sikufikiri hata kidogo. Nililitazama gari langu la manjano limelala peke yake porini, na wale watu wawili shambani, na vioo vya pembeni ambavyo ndio kwanza nilikuwa nimevipaka rangi. Nikasema, "Tangulieni, mama. Nalitoa hili, nakuja nyuma yenu."

"Gari halina miguu, mwanangu. Litakwenda wapi?"

"Nakuja sasa hivi," nikasema.

Hakunibembeleza. Alimgusa kijana begani, wakaondoka. Nami nikabaki na gari. Adhuhuri ile, mama yangu alipokuwa amesimama kwenye kaburi la mkwewe akipiga hatua nne kuelekea kibla ili awaonyeshe watu wenye karatasi mahali alipolala kaka yangu, mimi nilikuwa nafuta vumbi kwenye bawa. Wale watu wawili wa shambani walikuja kweli. Waliniletea maji ya kunywa.

Trekta lilinikuta alasiri. Mama alikuwa kwenye trela, katikati ya bibi wenzake, na mbuzi walikuwa wamekwisha kuliwa. Bibi wale walinicheka mpaka wakashikana. Dereva wa trekta alifunga kamba mbele ya gari, akavuta, na kilichotoka kwanza kilikuwa bampa. Alipovuta mara ya pili ndipo gari likatoka. Tukarudi Palma hivyo, nimekokotwa, na mama mbele yangu juu ya trela, bampa la manjano kalipakata kama mtoto.

Nyumbani nilimwuliza, "Uliliona?"

"Nililiona."

"Wameandika?"

"Wameandika."

Nikasema alhamdulillahi, na nilimaanisha. Nilijiona nimepona. Kaka yangu aliandikwa, akahamishwa pamoja na wenzake mpaka makaburi mapya, siku ambayo mimi nilikuwa zamu jikoni. Mama alikwenda na wanawake wa kijijini. Aliporudi aliniambia, "Yuko safu ya nyuma, karibu na mkorosho. Siku moja nitakupeleka." Nikamwambia tutakwenda, gari likitengemaa. Gari halikutengemaa. Kuku walitagia kwenye kiti cha nyuma, na nikiri kwamba hao ndio abiria pekee waliowahi kukaa pale bila kulalamika.

Mwaka uliofuata mama alifariki. Siku ya tatu ya matanga mama yako, aliyekuwa amevuka kutoka kisiwa cha Macaloe alikoolewa, alinishika mkono kando. "Na yule mkubwa wetu," akauliza, "amelazwa wapi?"

"Safu ya nyuma," nikasema. "Karibu na mkorosho."

Nilikwenda kuhakikisha. Nilipanda pikipiki, nyuma ya mtu, kama ambavyo ningeweza kufanya tangu mwanzo. Safu ya nyuma ipo. Mikorosho ni mitatu. Vijiti vya namba vilikuwa vimeliwa na mchwa, na makaburi ya watoto wachanga yamepangana, yanalingana yote, hakuna kaburi la mkwe pembeni la kuanzia kupima hatua. Nilisimama pale nikajaribu hata hivyo. Hatua nne kutoka wapi? Niliona haya kuliko siku zote za maisha yangu, na hapakuwa na mtu wa kunicheka.

Kwa hiyo, mpwa wangu, ushauri wa mtaalamu ndio huu. Mafuta chuja. Usikubali harusi. Kiti kilichofungwa waya uliza kwa nini. Na gari likikwama, mama yako akiwa juu ya pikipiki ya mtu anakwambia njoo, liache milango wazi, upande.

Mimi kila Shaabani nakwenda kule kufyeka majani. Nayafyeka makaburi yote madogo ya safu ya nyuma, moja baada ya jingine, na kila moja nalisomea Fatiha, kwa sababu sijui ni lipi.