Pini ya Kona na Korido ya Shemeji

Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi wa vigae. Hutumia mkono wa kushoto kwa kila kitu, ndiyo maana tunamwita Mashoto. Jumamosi tunacheza boling, timu ya mafundi wanne. Unavingirisha tufe zito kuangusha pini kumi mwisho wa njia. Zikibaki, unatupa mara ya pili kuzimalizia.

Mashoto huangusha tisa bila jasho. Inayobaki ni ileile, ya nyuma kabisa kwenye kona ya kushoto, ukingoni mwa mfereji wa pembeni ya njia. Tufe la mashoto hupinda kwenda kulia, kwa hiyo likiikaribia pini hiyo huikwepa kama mtu aliyemwona mkwewe njiani.

Kapteni wetu, fundi wa rangi, alimwambia, "Bwana mkubwa, ukiikosa tena siku ya mechi na mafundi bomba, kuanzia wiki inayofuata kazi yako kutunza viatu."

Mashoto alikosa raha. Akaazima tufe, akaanza mazoezi kwenye korido ya nyumbani kwake, aliyoitandika vigae mwenyewe. Mama yetu alihamishwa na kiti chake, konani ikasimamishwa chupa ya maji. Baada ya wiki mbili alikuwa anaipiga hata akifumba macho.

"Korido imeinama," dada alimwambia. "Miaka kumi na miwili nakwambia. Nyanya ikianguka jikoni inakwenda kona hiyohiyo."

"Nyanya ni duara, mama watoto. Inakwenda inakotaka."

Siku ya mechi, kabla ya kuanza, aliruhusiwa kujaribu mara mbili. Mara zote mbili tufe lilipita kulia kwa pini. Mashoto akatoa pimamaji kwenye mfuko wake, akalala kifudifudi katikati ya njia na soksi zake.

"Mzee, toka huko," mlinzi alisema.

Kiputo cha hewa ndani ya pimamaji kilikuwa katikati kabisa, njia haikuinama hata kidogo. Alikitazama kwa muda mrefu.

Zamu yake ya mwisho tisa zilianguka, ikabaki ile. Hakutupa. Alikwenda kwenye benchi la watazamaji alikokaa dada, tufe kifuani.

"Ile nyanya, mpaka ifike kona inahama kiasi gani?"

"Kwani korido ina nini?"

"Imeinama."

"Sema na hao mafundi bomba wasikie."

Akarudia. Mafundi bomba wakapiga makofi kwa adabu.

"Vigae viwili kasoro," dada akasema.

Mashoto akasimama mwisho wa upande wa kulia, akapima vigae viwili kasoro kwa macho, akalenga mfereji wenyewe. Kapteni akafunika uso. Tufe lilikwenda mpaka ukingoni, likajikunja dakika ya mwisho, likaigusa pini begani. Pini ikayumba, ikafikiri, ikalala.

Jumatatu dada alimkabidhi nyundo na patasi. "Bomoa."

Mashoto alinipigia simu nimsaidie, nami nikaenda bila kuuliza, nikabeba vifusi siku nzima. Siku korido ile ilipotandikwa, yeye alikuwa bado mchumba tu, na mimi ndiye niliyeshika pimamaji. Kiputo niliona kimekimbilia pembeni. Nilishindwa tu nianzeje kumwambia.